Pundamilia wa Gramu 60: Vidokezo vya Kupaka Rangi Upya Ndege Ndogo za Povu

Ndege ndogo za povu zinazoongozwa kwa rimoti, zile zenye mabawa ya sentimita 40 hivi kutoka ncha hadi ncha, zina ubaya mmoja: zote zinafanana. Fika uwanjani Jumapili asubuhi uwakute wenzako watatu, na mara nyingi mtakuwa na ndege nne za aina moja, zenye stika zilezile nyekundu na buluu. Mmoja anapiga kelele "hiyo yangu!" kumbe ya kwake iko juu ya mwembe muda mrefu.

Yangu niliamua iwe pundamilia. Wazo si langu. Profesa Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipokuja kuhesabu wanyama wa Serengeti mwishoni mwa miaka ya 1950, walirusha Dornier Do 27 iliyochorwa milia myeusi na myeupe kama ya pundamilia. Usajili wake ulikuwa D-ENTE. D ni Ujerumani, na Ente kwa Kijerumani ni bata. Rafiki yangu wa Kampala alicheka sana, maana kwao ente ni ng'ombe. Ndege moja, wanyama watatu.

Nimeharibu ndege moja na kufanikisha nyingine. Haya ndiyo niliyobaki nayo.

1. Jua povu lako ni la aina gani

Povu la boksi la televisheni, lenye chembe za duara zinazobanduka na kukusisimua meno likikwaruzwa, ni polistirini, yaani EPS. Ndege za bei ya chini nyingi ni za hilo. Petroli, thina, dawa ya kufutia rangi ya kucha na supa gluu ya kawaida hulila kama chai ya moto inavyokula sukari. EPO ni gumu kidogo, lina utelezi, na ukilibonyeza kwa ukucha alama inabaki. Hili huvumilia supa gluu. EPP ni kama mpira: ukilikunja linarudi. Ndege ya EPP hugonga ukuta, ikaokotwa, ikarushwa tena.

Usiamini lebo, jaribu. Fungua kifuniko cha betri, weka tone la rangi au gundi kwa ndani pasipoonekana, kisha kanywe chai. Ukirudi baada ya dakika 10 ukakuta shimo, umepoteza shimo tu.

Mimi sikujaribu. Nilinunua kopo la kupuliza lililoandikwa "akriliki" kwa herufi kubwa, nikajisemea akriliki si ni rangi ya maji. Mkia wa ndege yangu ya kwanza ukawa kama mkate uliotembelewa na panya. Rangi yenyewe inaweza kuwa akriliki, lakini ndani ya kopo kuna viyeyusho na gesi ya kuisukuma, na hivyo ndivyo vinavyokula.

2. Mizani kabla ya brashi

Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima-nzima haitakusaidia. Tafuta ile ndogo ya kisonara inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Pima ndege bila betri, andika. Pima tena baada ya kila mkono wa rangi.

Ndege yangu ya kwanza ilikuwa gramu 60 kasoro kidogo. Kabla sijaiua kwa kopo, nilikuwa nimeipaka brashi mikono mitatu mizuri, kwa upendo, kama ukuta wa sebule. Ikaongezeka gramu 7. Utasema gramu 7 ni nini, hata vijiko viwili vya sukari havijajaa. Sawa, lakini mchukue mtu wa kilo 70, mtwike ndoo ya lita 8, mwambie akimbie. Ndege ilipaa, ndiyo, ila ikawa inataka mwendo mkubwa muda wote, na kila nikiikata kona bawa la ndani linadondoka. Kutua ilikuwa ni kugonga chini kwa heshima.

3. Acha povu lenyewe liwe rangi

Hapa ndipo pundamilia alipoingia. Povu langu lilikuwa jeupe tayari, na weupe huo hauna uzito. Kwa milia nikahitaji nyeusi tu. Ndege ya pili, milia yote mwili mzima, iliongezeka gramu 1.4.

Kwa hiyo, kabla hujapenda picha fulani, tazama povu lako. Jeupe linakupa pundamilia, linakupa Cessna Caravan ya watalii yenye mstari mmoja ubavuni na usajili unaoanza na 5H kama ni ya Tanzania, 5Y kama ni ya Kenya. La njano linakupa Piper J-3 Cub karibu bure: njano yote na radi moja nyeusi ubavuni. Anayenunua povu jeupe akalifunika lote kwa kijani cha jeshi amejitafutia mzigo.

4. Stika hazivutwi

Stika ya kiwandani ukiivuta kavu-kavu inaondoka na ngozi ya povu. Ipashe kwa mashine ya kukaushia nywele kwenye moto mdogo, mkono wako ukiwa hapo hapo bawani. Mkono ukisema ni moto, sogeza mashine kabla povu halijaungua. Anza kona moja, ikunje stika irudi juu ya mgongo wake yenyewe, vuta polepole. Gundi iliyobaki itoe kwa kipande cha tepu, kubandika na kubandua. Dawa za kutolea gundi ni mchezo ule ule wa kidokezo cha kwanza.

5. Makovu

Kama ni EPO na limebonyea bila kuchanika, mvuke wa birika au maji yanayochemka yatalivimbisha lirudi. Sekunde chache, toa, tazama, rudia. Ukizidisha, chembe zinatokeza na bawa linapata ngozi ya mamba. Mashimo yaliyobaki jaza kwa filla nyepesi ya ukutani, ile ambayo ukiinua kopo unadhani ni tupu, kisha pitisha msasa namba 400 bila kukandamiza.

6. Rangi ya maji, sponji, subira

Rangi ya akriliki ya chupa au tyubu wanayotumia wachoraji, inayochanganywa na maji, ni salama kwa povu la kila aina. Brashi huacha michirizi, na kila mchirizi ni rangi ya ziada. Mimi nakata kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, nachovya, nakigonga kwenye gazeti mpaka kinakaribia kukauka, ndipo nagonga-gonga kwenye povu. Mkono wa kwanza unasikitisha: madoa-madoa, povu linaonekana. Usiongeze. Subiri ukauke, rudia mara moja. Mkono wa tatu ni wa kuogopwa.

Pwani msimu wa mvua, rangi inakauka kwa nafasi yake. Usiharakishe kwa kuanika juani (nitakuja hapo).

7. Tepu ipunguze ukali

Tepu ya karatasi, hiyo hiyo ya mafundi rangi, ni kali mno kwa povu. Ibandike kwanza kwenye suruali yako mara mbili tatu ili ichoke. Bandua tepu rangi ikiwa bado mbichi kidogo, ukiikunja kwa nyuma, si kuinyanyua juu.

8. Milia yenyewe

Kwa nyeusi sikutumia brashi wala sponji. Nilitumia mark peni, ile isiyofutika kwa maji. Inakauka ndani ya sekunde na uzito wake mizani haiuoni mpaka umejaza bawa zima. Ivute, usiisukume; ukisukuma, ncha inachimba povu na kuziba. Nilimaliza peni mbili na nusu.

Sasa, pundamilia si shati la mfungwa. Kama umewahi kumwona kwa karibu unajua mistari yake haiko sambamba. Inaanzia mgongoni ikiwa minene, inashuka ikichongoka, mingine inagawanyika mara mbili kama njia panda, na makalioni inapanuka na kulala. Chora kwanza kwa penseli laini bila kukandamiza. Anza na mstari wa katikati ya mgongo, kisha shuka upande mmoja, geuza, shuka upande wa pili. Usijitahidi pande mbili zifanane. Mimi nilijitahidi kwenye bawa la kushoto na la kulia, na hapo ndipo mahali pekee panapoonekana pa uongo.

Halafu nikaenda uwanjani na mpwa wangu, kwa furaha tele. Ndege ikapaa, ikaenda mita 50 hivi.

"Mjomba," akasema, "mbona imekuwa ya kijivu?"

Na kweli. Mistari yangu ya milimita 5, niliyoikalia jioni nne, ilikuwa imechanganyika yote machoni ikawa jivu. Kwa umbali huo jicho halitenganishi kitu chembamba hivyo. Nikarudi nyumbani nikaunganisha mistari ya bawani, miwili miwili mitatu mitatu, mpaka ikafika sentimita 2. Mezani ikawa ya kitoto. Angani ikawa pundamilia. Tangu siku hiyo, kabla ya kuchora chochote nakata mfano wa karatasi, naubandika ukutani kwenye uwanja, natembea hatua 60, nageuka.

9. Bawaba zisigande

Ndege nyingi ndogo hazina bawaba za kweli; ni povu lenyewe lililobanwa likawa jembamba ili kibao cha mkia au cha bawa kiweze kupinda. Rangi ikijaa kwenye mfereji huo, ikikauka, kibao kinakakamaa. Mota ndogo inayokisukuma inakula betri, inalia kama mbu, mwishowe inaungua. Usipake mferejini. Ikiingia bahati mbaya, pinda kibao juu na chini mara kwa mara wakati inakauka. Ukimaliza, washa rimoti, sukuma, achia: kibao kirudi katikati chenyewe.

10. Tumbo lisifanane na mgongo

Tumbo ndilo utakaloliona zaidi, kwa sababu wewe uko chini. Ndege iliyopakwa kijivu safi kama ya kivita inapotea kwenye mawingu, na sekunde mbili za kutojua kama inakuja au inakwenda zinatosha kuimaliza. Mgongo na tumbo vipishane kabisa. Juni 1944, kabla ya kuvuka kwenda Normandy, ndege za Washirika zilipakwa haraka-haraka mikanda mitano, mitatu myeupe na miwili myeusi, kwenye mabawa na kiwiliwili, ili wapiga mizinga wao wasiwatungue wenzao. Mikanda hiyo inatusaidia sisi pia: ni mipana, michache, na inasomeka.

Pundamilia wangu ana tumbo la chungwa. Wajuzi wameninung'unikia kwamba Dornier ya Grzimek haikuwa na tumbo la chungwa. Wao waje wairushe saa kumi na mbili jioni.

11. Kitovu cha uzito, tena

Ndege nyingi za aina hii husawazika kwenye robo hadi theluthi ya upana wa bawa, kutoka ukingo wa mbele. Tafuta alama ya mtengenezaji, weka ncha za vidole viwili chini ya mabawa hapo, betri ikiwa ndani. Pua ilale kidogo sana kuelekea chini. Mkia ukilala, usirushe.

Mkia ndio unaosumbua, kwa sababu uko mbali. Gramu moja ya rangi sentimita 20 nyuma ya kitovu inataka gramu tatu na ushee sentimita 6 mbele yake ndipo mizani irudi. Kwa hiyo mkiani nilichora mistari michache kuliko kote, halafu nikasogeza betri mbele kidogo na kuweka alama ya peni pale inapokaa. Kuongeza risasi puani ni njia ya mwisho.

12. Jua

Nyeusi hunywa joto. Ndege ya povu jeusi ikiachwa nyuma ya kioo cha gari mchana wa Februari inatoka na malengelenge au bawa lililopinda, na betri za lithiamu nazo hazilitaki joto hilo. Iweke kivulini, tumbo juu.

13. Wenye anga

Uliza kwanza mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako kuhusu masharti ya kurusha, na kaa mbali na viwanja vya ndege. Hilo ni fupi na halina ujanja.

Wenye anga wengine hawana ofisi. Michael Grzimek alikufa tarehe 10 Januari 1959, ndege ya milia ilipogongana na tai. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Sisi wa ndege za gramu 60 tuna mwewe, na mwewe huja kutazama. Akikaribia usimkimbie kwa kupanda, wala usijaribu kumtisha. Punguza moto, shuka taratibu upande ambao hayuko, tua, subiri achoke.

Juzi mmoja aliizunguka ya kwangu mara mbili, karibu kabisa na herufi za D-ENTE nilizochora ubavuni, kisha akageuka akaenda zake kwenye minazi.

"Amesoma ente," mpwa wangu akasema. "Kaona ng'ombe mzima hambebi."