Kulikata Neno Refu

Mwanafunzi asomaye kwa sauti mbele ya wenzake hukutana ghafula na neno TRIPANOSOMIASI. Hulitazama, hukohoa kidogo, kisha huliruka na kuendelea na mstari kana kwamba halikuandikwa. Hasara yake ni kubwa, maana neno hilo ndilo habari yenyewe: ni jina ambalo madaktari huuitia ugonjwa wa malale, uenezwao na mbung'o. Wasikilizaji wamesikia kwamba ugonjwa huo huua, wala hawakusikia ni ugonjwa gani.

Muwa haumezwi mzima. Hukatwa pingili pingili. Neno nalo hukatwa vivyo hivyo, kila silabi ikiishia kwa irabu yake: tri-pa-no-so-mi-a-si. Ni silabi saba tu. Neno “waliotutangulia” lina silabi nane, na mwanafunzi yule yule hulisoma pasipo kutetemeka! Basi, kinachomtisha si urefu, ni ugeni.

Pagumu ni mahali pawili. Kwanza ni tri, ambapo r huifuata t pasipo irabu katikati, wengi husema “tiri.” Pili ni mi-a. Wenye haraka husema “mya,” na neno likapungukiwa na silabi moja. Hutamkwa mi-a, kama mtu ahesabuye mia. Mkazo huiangukia a hiyo, silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo desturi ya Kiswahili.

Lakini kwa maana, neno hili hukatwa penginepo. Asili yake ni Kiyunani: “tripano” ni keekee ya seremala, “soma” ni mwili (wala si kusoma kitabu), na “iasi” ni hali ya ugonjwa. Mwaka 1843, huko Paris, David Gruby aliona katika damu ya chura kijidudu chenye kujizungusha kama keekee itoboapo ubao, akakiita Tripanosoma. Miaka 60 baadaye, mwaka 1903, Aldo Castellani alivikuta vijidudu vya jamii hiyo huko Entebbe, Uganda, katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa malale.

Mwanafunzi aliyekwisha kuushika mkia wa neno hili hasiti tena akutanapo na filariasi, ugonjwa uletao matende: fi-la-ri-a-si.