Murajaa ya Chuo: Funga Kitabu Ujue Unachojua



Ndugu zangu, kila muhula mpya wadogo zetu wanaotoka Nabuyoga, Busia na vijiji vya jirani huniuliza swali lile lile: "Kaka, nisomeje?" Wengi wamepita madrasa, na baadhi wamehifadhi juzuu kadhaa. Huwajibu: soma kama ulivyohifadhi.

Mwanafunzi wa hifdhi hawezi kumwambia ustadhi, "Sura hii nimeipitia mara kumi," yakaisha. Anafunga msahafu, anasoma. Akikwama, wote wawili wanajua amekwama aya ipi. Kesho yake harukii ukurasa mpya tu. Anarudi kwenye wa jana na wa wiki iliyopita. Hiyo ndiyo murajaa. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akifika chuoni hupaka noti zote rangi ya manjano, akazisoma mara nne usiku wa kuamkia mtihani, akaamini anajua.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya kujipima mwenyewe, akionyesha kwamba sehemu kubwa ya alichojifunza ilipotea ndani ya siku ya kwanza. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu viwili. Kimoja walikisoma tena. Kingine walikiandika kwa kukumbuka, bila kukitazama. Baada ya dakika 5, kilichosomwa tena kilikumbukwa zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: kilichosomwa tena walikumbuka kama asilimia 42, kilichoandikwa asilimia 56. Hizo dakika 5 ndizo zinazotuhadaa.

Basi ukitoka darasani, chukua karatasi tupu. Andika ulichosikia, kisha fungua noti usahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Kesho rudia, na baada ya wiki rudia tena. Halafu mweleze mwenzako. Mimi napenda maelezo yatolewe kwa Kiswahili au Kijopadhola hata kama mtihani ni wa Kiingereza, maana sentensi ya kitabu unaweza kuikariri bila kuielewa, lakini huwezi kuipeleka kwenye lugha ya mama yako bila kuielewa.

Muda utautoa wapi? Sisi tunaokaa karibu na ikweta tumerahisishiwa. Nyakati za swala hapa husogea kama nusu saa tu mwaka mzima, kwa hiyo ratiba iliyofungwa kwenye swala haivunjiki katikati ya muhula. Baada ya alfajiri, somo gumu kuliko yote. Kati ya magharibi na isha, murajaa ya siku. Baada ya isha, umeme ukiwapo, kazi za kuandika, usipokuwapo, lala. (Anayekesha na simu halafu akakosa alfajiri, ratiba haimsaidii.)

Sasa mpango wa nafsi yako. Waalimu huuita mpango wa maendeleo binafsi, nasi tuna jina letu la zamani: muhasaba. Ukurasa mmoja unatosha. "Nataka kufaulu" si mpango, kwa sababu hakuna siku utakayoweza kujiuliza umefikia wapi. Andika hivi: "Kufikia wiki ya sita nitaweza kutatua maswali ya kemia ya mwaka jana bila kutazama noti." Chini yake andika stadi moja isiyo na mtihani: kuzungumza mbele ya watu, kutumia kompyuta, kuandika ripoti. Anayesomea ualimu asingoje mazoezi ya kufundisha ndipo ajue sauti yake haifiki nyuma ya darasa. Mwisho andika nani atakuuliza, na siku gani. Mpango usio na wa kukuuliza hufia daftarini.

Na wa kukuuliza ni muhimu, kwa sababu nyuma ya ada zetu kuna magunia ya karanga na mihogo yaliyouzwa nyumbani. Somo ukilianguka, mara nyingi hungoja mwaka mzima mpaka lifundishwe tena, na kulirudia kunalipiwa.

Kikundi chetu cha murajaa hukutana Alhamisi baada ya isha, mlango wa kushoto wa msikiti, dada zetu upande wao. Tunakaa wawili wawili, mmoja anauliza, mwingine anajibu, kisha wanabadilishana. Njoo na karatasi tupu na kalamu mbili. Noti ziache bwenini.