Nyimbo za Dokta Remmy kwenye simu yangu: nifute au nisikilize?



Somo letu la leo linapitia albamu mbili za zamani: Songs for the Poor Man ya mwaka 1989 na Mambo ya mwaka 1992. Zote ni za Remmy Ongala na bendi yake ya Super Matimila. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa zilipotoka. Wazazi wetu wanazijua, au angalau wanajua nyimbo mbili tatu, lakini sisi tunamjua Remmy kama jina la kituo cha daladala kule Sinza, Dar es Salaam. Nimezisikiliza zote mbili mwaka huu, mwanzo hadi mwisho, zaidi ya mara moja, na nimekaa nazo kwenye sala. Swali ninalotaka tulijibu pamoja ni hili: kijana Mkatoliki afanye nini na nyimbo ambazo si za Kanisa, wala si za matusi, na ambazo mtunzi wake mwenyewe alikuja kuziacha ili amwimbie Mungu?

Swali limetoka wapi

Huku Bangwe swali hili halikutoka kitabuni. Kwenye kikundi chetu cha vijana, kaka mmoja alirudi kutoka mafungo akiwa na moto kweli. Akatuomba kila mtu afute "nyimbo za dunia" kwenye simu yake, pale pale, kama ishara ya toba. Wengi walifuta. Dada mmoja akakataa. Baba yake alikuwa mvuvi, na ziwa lilimchukua usiku wa upepo. Alichobakiza baba ni simu ndogo, na ndani yake nyimbo za Remmy, ukiwemo ule wa "Kifo", ambao mzee aliupenda kuliko zote. Akasema, "Kaka, mnaniambia nimfute baba?"

Kikao kizima kikanyamaza. Na mimi nikaona kwamba jambo hili halifai kuamuliwa kwa haraka. Kaka yetu alikuwa na nia njema, maana ni kweli muziki unaweza kumharibu mtu. Lakini na dada yetu alikuwa anashika kitu cha kweli. Basi tuangalie kwanza mtu mwenyewe tunayemzungumzia.

Remmy alikuwa nani

Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa mwaka 1947 Kindu, mkoa wa Maniema, Kongo. Ukisimama ufukweni kwetu ukatazama magharibi, Maniema iko nyuma ya ile milima ya ng'ambo, mbali ndani. Lakini si nchi ngeni kwetu. Misafara ya karne ya 19 ilitoka Ujiji ikaenda hadi huko, na Kiswahili kikaenda nayo. Wamanyema wa Ujiji ni ndugu na majirani zetu mpaka leo. Kwa hiyo Remmy alipokuja kuimba kwa Kiswahili Tanzania, alikuwa anairudisha lugha iliyopita kwenye ufuko huu huu.

Alikuwa yatima tangu ujanani, akajishikiza kwenye muziki. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake. Baadaye akaingia Matimila, na ndiyo iliyokuja kuwa Super Matimila. Watu wakamwita Dokta. Muziki wake akauita wa ubongo, yaani wa kumfanya mtu afikiri huku anacheza.

Mwaka 1988 alialikwa Ulaya kwenye matamasha ya WOMAD, ambayo mwanzilishi wake mmojawapo ni mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel. Hapo ndipo njia ya albamu hizi mbili ilipofunguka. Zilitolewa na Real World, kampuni ya Gabriel yenye studio katika kijiji cha Box, Uingereza. Fikiria: miaka hiyo Uingereza ilikuwa imejaa muziki wa vinanda vya umeme, studio zina kila mtambo, na bendi ya Dar es Salaam inaingia na magitaa yake yanayojibizana, saksafoni na ngoma, na kiongozi wake anaimba kwa Kiswahili juu ya mtu asiye na kitu. Remmy hakubadilisha ujumbe kwa sababu amefika Ulaya. Kwenye albamu ya kwanza kuna wimbo unaitwa "Sauti ya Mnyonge". Kwenye ya pili kuna "No Money, No Life", yaani bila pesa hakuna maisha. Mzigo ni ule ule.

Kilio nacho ni sala

Sasa tufungue Biblia. Vijana wengi tunadhani sala ni lazima ianze na shangwe. Lakini soma Zaburi ya 88. Mwenye zaburi analia tangu mwanzo, na tofauti na zaburi nyingi za huzuni, hii haimalizi kwa furaha. Inaishia gizani. Kanisa halijaitoa kwenye Biblia, tena linaisali katika Sala ya Usiku, kila Ijumaa. Soma Zaburi ya 90, inayomwomba Mungu atufundishe kuzihesabu siku zetu. Soma Yakobo 5:4, ambapo ujira waliodhulumiwa vibarua unapiga kelele mpaka Mungu anausikia.

Halafu sikiliza Remmy anapoomboleza juu ya kifo, au anapomsemea mnyonge. Siyo Neno la Mungu, tusichanganye. Lakini ni kilio cha aina ile ile, kinachotoka kwenye kifua cha binadamu yule yule. Huku kwetu tunakijua. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana, lengo lilikuwa jema. Hata hivyo akina mama wanaoanika dagaa walibaki na chanja tupu, na wapo vijana waliokosa ada. Mtu wa namna hiyo akisikia wimbo unaosema maisha bila pesa ni magumu, haambiwi jambo jipya. Anaambiwa tu kwamba kuna mtu amemwona.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, unaanza kwa kusema kwamba furaha na uchungu wa watu wa nyakati hizi, hasa maskini, ni furaha na uchungu wa wafuasi wa Kristo pia. Kama ni hivyo, basi Mkristo asiyetaka kabisa kusikia kilio cha maskini, eti kwa sababu kimepigiwa gitaa, ajiulize vizuri.

Pima, kisha shika kilicho chema

Je, maana yake kila wimbo wa Remmy unatufaa? Hapana. Mtume Paulo anatuagiza tupime mambo yote na kushika lililo jema (1 Thes 5:21). Huwezi kupima kitu ambacho hujakisikiliza, na huwezi kushika jema bila kuacha lisilofaa.

Nitoe mfano mgumu. Karibu na mwaka 1990 Remmy alitoa "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuwahimiza watu watumie kondomu. Redio ya taifa haikuupiga. Tukumbuke hali ilivyokuwa: wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na kufikia wakati huo watu walikuwa wanazikana huku ugonjwa wenyewe hautajwi kwa jina. Remmy alikuwa na ujasiri wa kusema wazi jambo ambalo wengi walilinong'ona. Huruma yake kwa watu waliokuwa wanakufa ni jema la kushika. Lakini ushauri wenyewe sio njia ambayo Kanisa linatufundisha. Sisi tumeitwa kwenye usafi wa moyo, subira kabla ya ndoa na uaminifu ndani ya ndoa. Naweza kusema yote mawili bila kumtukana mtu. Kupima ndiyo huko: unaheshimu machozi ya mtu, na hapo hapo unakataa jibu lake.

Mtakatifu Augustino alipambana na jambo linalofanana na hili. Katika Maungamo, kitabu cha 10, anasimulia jinsi alivyolia akisikia nyimbo za Kanisa mwanzoni mwa imani yake. Kisha anakiri kwamba wakati mwingine sauti tamu ilimgusa kuliko maneno yanayoimbwa, na hilo alilihesabu kuwa kosa. Ona hapo: hata wimbo wa kanisani unaweza kukupotosha ukibaki kwenye utamu tu. Kwa hiyo usiishie kuuliza "Huu ni wa dini au wa dunia?" Uliza pia, "Unanipeleka wapi?"

Mbona mwenyewe aliacha?

Hoja hii aliitoa kaka yetu, na ni nzito. Miaka ya mwisho Remmy aliandamwa na maradhi, akapata kiharusi. Akaokoka, akauacha muziki wa dansi, akaimba Injili. Alifariki Dar es Salaam, Desemba 13, 2010. Kama mwenyewe aligeuka, sisi tunafukua nini?

Mimi naona hivi. Uongofu wa mtu tuuheshimu, tumshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini neema haifanyi yaliyotangulia yasiwepo. Mtu aliyelilia maskini mwaka 1989 ndiye huyo huyo aliyemlilia Kristo baadaye, na nani ajuaye kama kilio cha kwanza hakikumwandalia njia ya kile cha pili? Paulo alipohubiri Athene (Mdo 17:28) hakuanza kwa kuchoma mashairi ya Wagiriki. Alilitumia neno la washairi wao kuwa ngazi ya kuwafikisha kwa Mungu wasiyemjua. Ngazi si nyumba, hutakiwi kulala juu yake. Ila bila ngazi kuna watu wasingepanda.

Kwenye kikundi chetu tulikubaliana hivi: asiyeweza kusikia nyimbo za zamani bila kurudi kwenye ulevi au maisha aliyoyaacha, azifute kwa amani, na asichekwe. Anayezishika kwa sababu njema, asihukumiwe. Na dada yetu tulimchangia nia ya Misa kwa ajili ya baba yake. Wimbo umebaki kwenye simu, na jina la mzee limesomwa altareni. Yeye mwenyewe anasema sasa akiusikia, anamalizia na Raha ya Milele.

Njia tatu za kusikiliza

Kwa wiki hii jaribu hivi, kwa wimbo wowote unaoupenda, wa Remmy au wa msanii wa leo:

1. Sikiliza maneno kwanza. Kaa mahali patulivu, usicheze, usichati. Kisha sema kwa sentensi moja wimbo huu unalia nini au unafurahia nini. Ukikosa cha kusema, ujue ulikuwa unakula sukari tu.

2. Pima. Ni lipi hapa linalokubaliana na Injili? Lipi linapingana nayo? Andika yote mawili, hata kama ni wimbo uupendao sana.

3. Upeleke mbele ya Mungu. Wimbo ukikukumbusha maskini, mtafute mmoja umtembelee. Ukikukumbusha marehemu, mwombee. Ukikuachia hasira tu au tamaa tu, uache.

Maswali ya kujadili kwenye kikundi au jumuiya

- Ni kilio gani cha watu wa mtaa wako ambacho hakisikiki kwenye sala zenu za pamoja?
- Soma Luka 16:19-31. Tajiri alipita mlangoni kwake kila siku. Unadhani aliwahi kuisikia sauti ya Lazaro? Kwa nini haikumfikia?
- Je, kuna wimbo unaojua kabisa unakurudisha nyuma? Unangoja nini?

Tusali

Ee Bwana Yesu, wewe ulilia kaburini kwa rafiki yako, na hukuyaonea haya machozi yako. Tupe masikio ya kusikia kilio cha mnyonge popote kinapotoka. Tupe akili ya kupima na moyo wa kushika lililo jema. Wapokee wavuvi wetu na wote waliolala katika ziwa hili, pamoja na mtumishi wako Remmy, aliyewasemea maskini kabla hajajua vizuri kwamba anakutafuta wewe. Unaishi na kutawala daima na milele. Amina.