SOMO LA 23: KUMCHANA MBWA BILA KUMWUMIZA

Mbwa wa aina nyingine wamevikwa mavazi mawili. Nje wana manyoya marefu yazuiayo mvua. Chini yake wana manyoya mafupi, laini kama sufu. Mbwa mchungaji wa Ujerumani, atumiwaye na polisi wa nchi nyingi, ni mmoja wao. Majira yabadilikapo, manyoya mengi ya ndani hulegea na kupukutika. Yasipoondolewa hushikamana yakawa mafundo, na ngozi huwasha.

Kwa kazi hiyo liko chanuo la chuma lenye meno mafupi yaliyosongamana. Ni chombo chema, lakini mkononi mwa mtu mwenye pupa hujeruhi.

Kijana mmoja alipewa mbwa wa namna hii amchane. Alipoona manyoya mengi yakitoka alifurahi, akakandamiza, akarudia mahali pamoja mara nyingi. Mbwa akalia, kijana asisikie, akanguruma, asijali. Mwisho mbwa akageuka, akamwuma mkono. Walipofunua manyoya, waliona ngozi nyekundu iliyochubuka. Je, mkosaji alikuwa nani?

Basi, zishikeni sheria hizi:

1. Mpapase mbwa kwanza. Ukiona jeraha au upele, usimchane. Mafundo yafungue kwa vidole.
2. Mchane akiwa mkavu, kwa mkono mwepesi, kufuata upande yalalako manyoya.
3. Usipitishe chanuo tumboni, makwapani, masikioni, wala penye mifupa iliyo karibu na ngozi.
4. Usikawie mahali pamoja. Manyoya yakiacha kutoka kwa wepesi, acha. Yaliyosalia ni mazima, naye anayahitaji.
5. Mbwa mwenye vazi moja tu la manyoya mafupi, burashi laini humtosha.
6. Akilia au akinguruma, simama. Hiyo ndiyo lugha yake.

Mbwa akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile. Kichaa cha mbwa kikisha kuonyesha dalili huua, lakini sindano zikichomwa mapema hukizuia.

Mungu alimpa mwanadamu mamlaka juu ya wanyama. Mwenye mamlaka ya haki husikiliza kilio cha aliye chini yake.

MASWALI

1. Kwa nini mbwa alimwuma yule kijana?
2. Utajuaje kwamba kazi ya kuchana imekwisha?
3. Mtu aliyeumwa na mbwa afanye nini kwanza?