Bando la usiku na usingizi wa binti

Mama mmoja wa Nachingwea anauliza kuhusu binti yake wa miaka 17, aliyemaliza kidato cha nne. Kila saa sita usiku, bando la bei nafuu linapoanza, binti hufungua TikTok na Instagram hadi majogoo. Mchana hali vizuri, ni mkali kwa wadogo zake, na siku hizi anasema ana sura mbaya. Je, ni mitandao?

Huenda ikawa ni mitandao. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alitoa nyaraka za ndani za kampuni hiyo. Humo asilimia 32 ya wasichana walisema kuwa wanapojisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram huwazidishia. Kampuni ilijua. Na binti aliye peke yake gizani analinganisha uso wake na nyuso zilizolainishwa kwa filta.

Lakini jambo la kutazama kwanza ni usingizi. Kijana wa umri huo anahitaji saa 8 hadi 10. Anayelala saa kumi alfajiri na kuamshwa saa moja kwenda shamba amepata saa 3 tu, na uhaba huo peke yake unatosha kuleta hasira na huzuni. Mama asiuite ukaidi.

Kumnyang'anya simu kwa ugomvi hakusaidii, maana ndiyo inayomuunganisha na shoga zake waliotawanyika Ruangwa, Liwale na Masasi. Kupunguza kunasaidia: mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, kilifuatilia wanafunzi 143, na walioishia dakika 10 kwa siku katika kila mtandao, kwa wiki tatu, walipungukiwa upweke na sonona. Basi anunuliwe bando la mchana hata kama ni ghali kidogo, na usiku simu zote zilale sebuleni, ya mama ikiwemo.

Mama amuulize pia, wakiwa wawili tu, kama kuna mtu anayemtukana au kumtishia kwa picha zake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza unyanyasaji huo.

Huzuni ikizidi wiki mbili, apelekwe hospitali ya wilaya. Akitamka habari ya kufa, aende siku hiyohiyo na asiachwe peke yake. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, hupigwa bure.