Hesabu Kilichojengwa: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Anayelea Jumuiya ya Wasanidi Programu

Kama kampuni yako ina API na umepewa bajeti ya kuwavuta wasanidi programu, soma haya kabla hujakodi ukumbi. Swali la kazi hii ni moja: je, kuna kitu kilichojengwa juu ya huduma yako, kikawafikia watu, na bado kinafanya kazi? Jumuiya nyingi Nairobi, Dar es Salaam na Kampala zinavunjika kwa makosa yale yale, na wanaoumia ni vijana waliotoa Jumamosi zao na nauli zao.

FANYA: Pita mlangoni mwako mwenyewe

Fungua akaunti mpya kwa barua pepe isiyo ya kazini, kwenye kompyuta isiyo na ruhusa za ofisi, kwa bando ulilonunua kama watu wengine. Hesabu dakika mpaka upate jibu la kwanza sahihi kutoka kwenye API. Namba hiyo ndiyo kipimo chako cha kwanza. Kila mwezi mpe mtu asiyeijua huduma arudie zoezi hilo huku wewe umekaa pembeni, umenyamaza. Anapokwama, hapo pana kazi yako ya wiki ijayo.

Nakili kila mfano ulio kwenye maelezo yako, uuendeshe. Usiofanya kazi, urekebishe leo au uufute leo. Msanidi mchanga akinakili mfano mbovu hujilaumu yeye kwanza, hukesha nao, kisha huondoka bila kukuambia.

Hakikisha mazingira ya majaribio yanakataa kile ambacho huduma halisi itakikataa. Yakikubali kila ombi, yanafundisha uongo, na msanidi ataujua ukweli siku mteja wake amelipa na malipo hayaonekani.

FANYA: Watafute wanaojenga tayari

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007. Daraja, lango la API linalotumika sasa, lilikuja 2017. Katika miaka ya mwanzo, aliyetaka mfumo wake utambue kuwa mteja amelipa alichukua simu, akaichomeka kwenye kompyuta, akaandika programu ya kusoma ujumbe wa uthibitisho. Watu wale hawakuitwa na mtu wala kupewa fulana. Walikuwa na shida ya kweli na wakaitatua kwa walichokuwa nacho.

Na wewe unao watu wa namna hiyo. Angalia rekodi za huduma yako, soma malalamiko yaliyofika huduma kwa wateja, uliza mafundi ni nani anayewasumbua kwa maswali magumu. Anza na watu ishirini wa namna hiyo. Wapigie simu. Uliza wanajenga nini na wamekwama wapi, kisha warekebishie.

USIFANYE: Usiite watu kabla huduma haijawa tayari

Nimeona ukumbi uliojaa wanafunzi waliotoka vyuoni kwa matatu, wakasubiri funguo za API ziidhinishwe na ofisa ambaye Jumamosi hafanyi kazi. Walikula chakula cha mchana, wakapigwa picha, wakarudi. Ripoti iliandika mafanikio. Hakuna mstari hata mmoja wa programu ulioendeshwa siku ile, na wengi wao hawatakupa Jumamosi nyingine.

FANYA: Fuata kundi moja mpaka mwisho

Chukua waliojisajili Januari. Wangapi walipata jibu la kwanza sahihi? Wangapi waliingia kwenye huduma halisi wakiwa na wateja halisi? Wangapi bado wapo siku tisini baadaye? Ziandike namba hizo kwa mpangilio, kisha uwatazame hao hao tena Juni. Utaona wanapopotelea. Wakipotea kabla ya jibu la kwanza, tatizo ni maelezo. Wakipotea kabla ya kuingia kwenye huduma halisi, nenda kwa wanasheria na idara ya uidhinishaji. Ukumbi mkubwa zaidi hauponyi lolote kati ya hayo.

Pima na jumuiya yenyewe. Swali linakaa saa ngapi kabla ya kujibiwa? Ni sehemu gani ya majibu inatoka kwa watu ambao huwalipi mshahara? Wangapi wakitoweka kesho shughuli itasimama? Mradi wa CHAOSS, ulioanza 2017 chini ya Linux Foundation, umeorodhesha vipimo vya namna hii hadharani, na kuvitumia ni bure. Chagua vinne au vitano. Huhitaji arobaini.

USIFANYE: Usizawadie kinachohesabika kirahisi

Hii ndiyo sehemu inayoharibu zaidi. Mwaka 1975 mchumi Mwingereza Charles Goodhart alieleza, kuhusu sera ya fedha, kwamba mwenendo unaoaminika katika takwimu huvunjika ukishageuzwa chombo cha kuongozea. Wasanidi programu wamelipa gharama ya somo hilo.

Oktoba 2020, katika Hacktoberfest iliyoandaliwa na DigitalOcean, aliyetuma maombi manne ya mabadiliko kwenye miradi ya programu huria angeweza kupata fulana. Watu wakaongeza neno moja la sifa kwenye faili ya maelezo, wakatuma, wakahamia mradi mwingine. Watunzaji wa miradi, wengi wakiwa watu wa kujitolea, wakafurikiwa na takataka za kusafisha. Ndani ya siku chache waandaaji wakabadilisha kanuni: ihesabiwe tu miradi iliyokubali kushiriki. Nia ilikuwa njema. Kipimo kilikuwa kibovu, na mzigo ukamwangukia mtu ambaye hakuomba chochote.

Kwa hiyo usimpe mfanyakazi wako bonasi kwa idadi ya waliojisajili: ataleta barua pepe za uongo. Usihesabu waliohudhuria, stika zilizogawiwa wala wafuasi. Na usimpe mtu wa jumuiya lengo la mauzo. Wasanidi wakishagundua kwamba kila "habari yako" ina bei nyuma yake, hawatakueleza tena kinachowasumbua, na maelezo hayo ndiyo sababu ya wewe kuajiriwa.

FANYA: Lipa, na lipa mapema

Nauli itolewe kabla ya safari. Anayeweza kusubiri kurudishiwa pesa ni mwenye pesa ya akiba. Mwingine anabaki nyumbani na wewe unaandika kwamba hana hamu. Mlipe mtoa mada, mfasiri na aliyeandika somo. Masharti ya hakathoni yaandike ukurasa mmoja, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na yaseme wazi kwamba programu ni ya aliyeiandika.

USIFANYE: Usigeuze hakathoni kuwa kazi ya bure

Usichukue wazo la mshiriki ukaipa timu yako ya ndani. Usimkabidhi mshindi hundi kubwa ya kadibodi mbele ya kamera kisha umzungushe miezi. Usifanye mashindano ya usiku kucha bila usafiri salama wa kurudi. Wasichana hawatakuja, na utatangaza kwamba uliwatafuta ukawakosa.

FANYA: Jibu mahali pa wazi, kwa lugha ya aliyeuliza

Swali likija kwa Kiswahili, jibu kwa Kiswahili. Jibu likae mahali mtu wa mwaka kesho anaweza kulitafuta na kulipata. Weka kanuni za mwenendo zenye majina ya watu wawili wa kupigiwa simu, mmoja wao mwanamke, na wote wawili wawe na mamlaka ya kumwondoa mtu siku hiyo hiyo.

USIFANYE: Usiifungie jumuiya ndani ya kundi la WhatsApp

Jibu zuri la jana limezama chini ya salamu za leo. Baya zaidi, namba ya kila mmoja iko wazi kwa wote. Msichana aliyekuja kuuliza kuhusu malipo huanza kutumiwa ujumbe usiku na watu asiowajua, na hujitoa kimya. Unajua hili linatokea. Acha kulifanya.

FANYA: Toa taarifa ya mabadiliko mapema

Taja tarehe, taja kinachokufa, taja mbadala wake. Toleo la zamani liendelee kufanya kazi wakati watu wanahama. Wanaoitumia huduma zaidi wapigie simu wewe mwenyewe.

USIFANYE: Usiwakate ghafla waliokujengea

Februari 2023 Twitter ilitangaza kufunga API ya bure kwa notisi ya wiki moja, kisha ikaahirisha. Mwaka huo huo Reddit iliweka bei mpya ya API yake kuanzia Julai. Mtengenezaji wa Apollo, programu iliyopendwa ya kusomea Reddit, alipiga hesabu akaona angelipa kama dola milioni 20 kwa mwaka. Akaifunga tarehe 30 Juni. Maelfu ya majukwaa ndani ya Reddit yalijifunga kwa kupinga. Kampuni ina haki ya kudai malipo. Haina haki ya kumpa mtu wiki chache kuokoa kazi ya miaka.

Na kama bajeti yako mwenyewe imekatwa, sema wiki hiyo hiyo. Lipa madeni ya watoa mada kwanza. Hamishia majibu yote mahali pasipohitaji akaunti ya kampuni, kabidhi ufunguo wa jukwaa kwa wanachama wawili ambao wamekuwa wakijibu maswali, kisha iandikie jumuiya jina la mtu aliyebaki kazini atakayepokea simu huduma ikikatika.