Mto Ohio Unapofungwa: Kijitabu kwa Wenye Boti na Abiria Wao Usiku wa Fataki

Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili, kila mwaka, mji wa Louisville hukusanyika kando ya Mto Ohio kutazama Thunder Over Louisville, onyesho linalofungua sherehe za msimu wa Kentucky Derby. Ni miongoni mwa maonyesho makubwa kabisa ya fataki Amerika ya Kaskazini. Mchana ndege hupita angani na kufanya michezo yake, na giza likiingia fataki huanza. Nyingi hurushwa kutoka kwenye matishari yaliyofungwa katikati ya maji, pande zote mbili za daraja la Clark Memorial, lile ambalo wenyeji huliita daraja la Second Street. Nyingine hurushwa kutoka juu ya daraja lenyewe.

Siku hiyo sehemu ya mto hufungwa. Boti haziruhusiwi kupita, na zile zilizokwisha kuingia huamriwa kutoka.

Tumeandika kijitabu hiki kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili hapa mjini, ambazo nyingi zimetoka Kongo na Burundi, au zimepitia kambi za Tanzania kama Nyarugusu. Miongoni mwetu wamo watu waliokulia ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, Uvira, Baraka, Rumonge na Kigoma, na maji si mageni kwao. Baadhi wamenunua boti za kuvulia samaki. Wengine hualikwa na wafanyakazi wenzao waende na watoto kutazama fataki kutoka majini. Hao walioalikwa tunawaomba wasome kwa makini zaidi, kwa sababu abiria mara nyingi hudhani kwamba usalama wote ni kazi ya mwenye boti.

Nani anaufunga mto, na kwa mamlaka gani

Wako wanaoshangaa kuwakuta Walinzi wa Pwani mahali palipo mbali hivi na bahari. Nchini Marekani kikosi hicho kina mamlaka juu ya maji yote yanayopitika kwa vyombo kati ya jimbo na jimbo, na Mto Ohio ni mmojawapo wa mito mikubwa ya biashara. Kamandi yake ya Bonde la Ohio ina makao yake hapahapa Louisville. Mkuu wa kamandi hiyo hubeba pia cheo cha Kapteni wa Bandari, na sheria ya shirikisho inampa uwezo wa kutangaza kipande cha maji kuwa eneo la usalama. Likishatangazwa, hakuna anayeingia, anayetia nanga wala anayepita bila idhini yake au ya mtu aliyemteua.

Tangazo hutolewa mapema katika gazeti rasmi la serikali na katika taarifa za wanamaji. Siku yenyewe hurudiwa kwenye redio ya VHF. Saa za kufunga na kufungua, pamoja na mipaka ya eneo, huandikwa humo. Usitegemee kumbukumbu ya mwaka jana wala maneno ya jirani. Mto unaweza kufungwa saa nyingi kabla ya fataki ya kwanza, kwa kuwa ndege za mchana nazo zinahitaji nafasi yake.

Mpaka unapimwaje

Fataki kubwa ni tufe lililojazwa baruti na vidonge vinavyoungua kwa rangi. Hutumbukizwa ndani ya mtutu uliosimama wima, kisha baruti iliyo chini yake hulitupa juu, huku utambi wa ndani ukihesabu sekunde hadi tufe lipasuke. Katika viwango vya Marekani vya maonyesho ya fataki, vinavyojulikana kama NFPA 1123, umbali wa chini kutoka kwa watazamaji ni futi 70 kwa kila inchi moja ya upana wa mtutu. Tufe la inchi 3 linadai futi 210. La inchi 8 linadai futi 560, karibu mita 170. La inchi 12 linadai futi 840, zaidi ya mita 250.

Umbali huo umewekwa kwa kufikiria siku mbaya. Tufe linaweza kupasuka chini kuliko ilivyokusudiwa, mtutu unaweza kuinama, upepo unaweza kugeuka na kusukuma makaa yanayowaka upande usiotazamiwa. Tufe linaweza pia kugoma kabisa na kuanguka zima, na kitu kizito kikishuka kutoka mamia ya futi angani kinaua hata bila kulipuka.

Tena mpaka unawalinda mafundi walio juu ya matishari, jambo ambalo watu wachache hulifikiri. Boti inayopita kwa kasi huacha mawimbi, mawimbi hulitikisa tishari, na tishari likitikisika mitutu yote nayo inayumba. Mwenye boti aliyesogea ili mwanawe apate kuona vizuri anaweza kumhatarisha fundi asiyemjua, aliyesimama karibu na baruti akifanya kazi yake.

Usiku mmoja, maji mawili

Tarehe 4 Julai 2012, katika ghuba ya San Diego, California, hitilafu ya kompyuta iliwasha karibu fataki zote za onyesho kwa pamoja. Maelfu ya fataki yalilipuka kwa sekunde zipatazo 15, moja kwa moja juu ya matishari. Ndicho kitu ambacho kila mpangaji wa fataki anakiogopa. Hakuna aliyejeruhiwa, kwa sababu maji yaliyozunguka matishari yale yalikuwa matupu.

Usiku huohuo, upande wa pili wa Marekani, huko Oyster Bay katika jimbo la New York, fataki zilikwenda vizuri tangu mwanzo hadi mwisho. Onyesho lilipokwisha, boti zilianza kurudi nyumbani kwa wakati mmoja. Boti moja yenye urefu wa futi 34 ilikuwa imebeba watu 27. Ilipinduka gizani, na watoto watatu waliokuwa ndani ya chumba chake walikufa maji.

Mwaka uleule, tarehe 1 Oktoba, kampuni ya umeme ya Hong Kong iliwachukua wafanyakazi wake na familia zao kwa meli ndogo iitwayo Lamma IV kwenda kutazama fataki za sikukuu ya taifa. Hawakufika. Kabla onyesho halijaanza waligongana na feri karibu na kisiwa cha Lamma, na watu 39 walikufa, wakiwemo watoto 8. Tume ya uchunguzi ilikuta kwamba manahodha wote wawili hawakuangalia mbele ipasavyo, na kwamba ndani ya Lamma IV ulikosekana mlango mmoja wa kuzuia maji ambao ulipaswa kuwapo, hivyo sehemu ya nyuma ikajaa na kuzama haraka mno.

Tunazieleza habari hizi kwa uchungu, kwa sababu zinaonyesha kitu ambacho mikutano mingi ya usalama hukipita haraka. Watu wote huogopa cheche. Lakini Oyster Bay na Lamma hakuna aliyeguswa na cheche. Waliuawa na msongamano, giza, boti iliyobeba kupita kiasi na manahodha wasioangalia mbele. Mstari uliochorwa kuzunguka matishari umekwisha kukulinda na moto. Safari ya kwenda na kurudi unabaki kuilinda mwenyewe.

Saa ya kurudi

Tufe la mwisho likipasuka, mto haujafunguliwa. Mafundi hukagua mitutu yote kutafuta matufe yaliyogoma, na kazi hiyo haina dakika maalumu. Kaa ulipo mpaka usikie tangazo redioni au uambiwe na afisa wa doria.

Likishatoka tangazo, endelea kukaa. Ushauri huu ndio tunaoutilia mkazo kuliko wote uliomo humu. Macho yaliyotazama mwanga mkali yanahitaji hadi nusu saa kuzoea giza tena. Mvuvi wa dagaa analijua hili: aliyekuwa akikodolea karabai macho haoni mtumbwi uliomkaribia. Usiku wa fataki kila nahodha mtoni amekuwa akikodolea karabai kubwa, na taa za mji nyuma yake huzimeza taa ndogo za boti. Waache wenye haraka watangulie. Wape watoto chakula. Nusu saa ya kungoja huku nanga ikiwa chini itakuvusha wakati mbaya kuliko wote.

Zaidi ya hayo, boti ndogo haziko peke yake. Mto Ohio hubeba misafara ya matishari ya makaa ya mawe, nafaka na kemikali, na misafara hiyo husubiri mto ufunguliwe. Boti moja yenye nguvu husukuma matishari 15 yaliyofungwa pamoja, msafara wenye urefu wa zaidi ya futi 1,000. Nahodha wake amekaa nyuma kabisa, na sehemu kubwa ya maji yaliyo mbele ya tishari la kwanza haioni. Hawezi kusimama ghafla hata akikuona. Mbele ya msafara huwekwa taa ya njano inayometa. Ukiiona, ondoka katika njia yake mapema, na usijaribu kukata mbele yake.

Kisha kuna mkondo. Chini kidogo ya daraja kuna bwawa la McAlpine na miamba ya Maporomoko ya Ohio, na mwezi wa Aprili mto hujaa maji ya mvua za masika ya huku. Machi 2023 matishari kumi yaliponyoka kutoka kwenye msafara wake hapa Louisville, na moja lililobeba methanoli likasukumwa na maji hadi kukwama kwenye bwawa hilo. Ikiwa mkondo unalifanyia hivyo tishari la chuma, boti ya uvuvi ambayo injini yake imezimika haina nafasi. Hakikisha nanga yako ina kamba ya kutosha na iko mahali pa kushikika upesi. Injini ikizimika, tupa nanga kwanza, ndipo ushughulikie injini.

Kabla ya kuondoka gatini

Boti nyingi za chini ya futi 20 zina kibandiko kinachotaja idadi ya watu na uzito. Kibandiko kisipoonekana, zidisha urefu kwa upana kwa futi, kisha gawanya kwa 15. Boti ya futi 16 kwa 6 inabeba watu 6, tena maji yakiwa shwari. Mtoto anahesabiwa kuwa mtu. Tunajua ilivyo vigumu kumwambia shemeji au mama mkwe aliyekwisha kuvaa kwamba nafasi imejaa. Mwambie hata hivyo, kwa heshima, na ikibidi wote mtazame kutoka Waterfront Park.

Kila aliyemo lazima awe na jaketi la kujiokolea linalomtosha. Sheria ya Kentucky inataka watoto wa chini ya miaka 12 wawe wamelivaa boti inapotembea, ikiwa wako sehemu ya wazi. Sisi tunashauri wote walivae, wakubwa kwa wadogo, kwa kuwa maji ya Aprili bado ni baridi. Anayetumbukia ghafla hushtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, na hapo ndipo hata muogeleaji hodari hunywa maji. Usimwache mtoto alale ndani ya chumba cha boti wakati wa kurudi.

Taa ni nyekundu kushoto, kijani kulia na nyeupe nyuma. Ukiona nyekundu na kijani pamoja mbele yako, boti hiyo inakujia uso kwa uso. Anayeshika usukani asinywe pombe.

Ukisimamishwa

Doria ikikuwashia taa ya bluu, punguza mwendo na usimame. Huenda ni Walinzi wa Pwani, polisi wa mto au maafisa wa wanyamapori wa jimbo, na wote wana haki ya kukuamuru uondoke. Kama una sababu ya kweli ya kupita, omba ruhusa redioni kwa chaneli ya 16 kabla ya kuufikia mpaka. Kuvunja amri ya eneo la usalama kunaweza kuleta faini ya zaidi ya dola 100,000, na anayevunja kwa makusudi anaweza kushtakiwa kwa jinai. Kwa mtu ambaye bado hajapata uraia, kesi ya jinai inaweza kugusa hata makaratasi yake ya ukaaji.

Jumapili asubuhi

Matufe yaliyogoma wakati mwingine huelea na kukwama ukingoni, kwenye magogo na majani, palepale tunapopenda kuvulia na watoto wetu. Huonekana kama mpira au kopo lililofungwa kwa karatasi ya kahawia, pengine lenye kamba au utambi. Hata tufe likiwa limelowa, baruti iliyo ndani yake inaweza kuwaka. Usiliokote, usilitupe tena majini, usilipeleke nyumbani wala kituo cha polisi. Waondoe watoto, kumbuka alama ya mahali ulipoliona, na upige simu 911. Ukisema «Swahili», mkalimani huweza kuunganishwa.